Kwetu Anayevuta Ni Mtoto wa Jirani

Jumanne jioni nilikaa kwenye maktaba ya shule ya mwanangu, kwenye kikao cha wazazi juu ya watoto na dawa za kulevya, biskuti mkononi, nikamsikiliza mwanamume mzima, fundi bomba kwa mavazi yake, akisimama mbele ya watu kama 40 asiowajua na kusema: mwanangu yuko darasa la kumi na moja hapa, na mwezi wa Novemba nilimkuta ameanguka bafuni, midomo imegeuka rangi. Kidonge alikinunua kwa mtu aliyekutana naye kwenye simu.

Nikasubiri mshindo. Nikasubiri mtu ajizibe mdomo, mwingine amnong'oneze mwenzake, mama mmoja aseme astaghfirullahi. Wapi! Watu walitikisa vichwa taratibu, mwanamke wa pembeni akampa karatasi ya kufutia machozi, halafu mwingine akainua mkono: binti yake alikuwa akienda shule na vodka kwenye chupa ya maji. Halafu wa tatu. Wakawa wanainuka mmoja mmoja kama watu wanaotaja michango kwenye harambee.

Mimi nilimaliza biskuti nikachukua nyingine.

Nina miaka 14 hapa Minnesota, Marekani, na mengi nimeyazoea, hata kumpigia mtu simu wiki moja kabla ya kumtembelea. Hili la kumtaja mwana wako hadharani sijalizoea, na tangu Jumanne halinitoki kichwani.

Hebu tuseme kweli. Chukueni kikao cha wazazi katika sekondari yoyote ya Mombasa au Kilifi. Mwalimu mkuu anasema shule ina tatizo la bangi na muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Kila mzazi anageuka kutazama nyuma. Anayevuta ni mtoto wa jirani. Jirani naye yuko mumo humo ukumbini, amegeuka anatazama nyuma yake. Ukiyafuata macho hayo utamaliza ukumbi, utatoka nje, utafika kwa askari wa langoni, na yeye atakuonyesha shule ya ng'ambo ya barabara.

Mnalikumbuka lile basi lililotoka Karatina? Agosti 2015, shule zinafungwa, polisi wanalisimamisha njiani kuelekea Nairobi, wanafunzi 45 wanakamatwa, bangi na pombe ndani. Nchi nzima ilizungumza. Wanafunzi 45 wana wazazi wangapi? Sikumbuki kumsikia hata mmoja akisema kwa sauti yake: wangu alikuwemo.

Namjua atakayeniandikia wa kwanza. Atasema: "Haya, umeanza. Kwa hivyo Wazungu ndio wanaojua kulea? Hao hao wanaokufa kama nzi?" Ndugu yangu, una haki. Marekani ilizika zaidi ya watu 100,000 waliozidisha dawa mwaka 2021, 2022 ikawa vivyo hivyo, 2023 vivyo hivyo. Prince, mwanamuziki aliyezaliwa Minneapolis na ambaye watu wa huku mpaka leo wanamwita wao, alikufa Aprili 2016 nyumbani kwake Chanhassen, kama nusu saa kwa gari kutoka ninapoishi, kwa fentanili, dawa kali mno ya maumivu, iliyokuwa kwenye vidonge bandia. Polisi aliyekuja kikaoni alituonyesha picha ya ncha ya penseli yenye vumbi jeupe kidogo. Miligramu 2, akasema, zinaweza kumaliza mtu. Kwa hivyo sisemi wanajua kulea. Sina hakika hata kama kikao chenyewe kinazuia chochote. Nasema wanasema. Basi.

Wa pili namjua pia. Huyu ni wa fimbo: "Tangu waondoe viboko mashuleni watoto wameharibika." Viboko viliondolewa 2001. Kaka yangu alisoma kabla ya hapo. Alichapwa shuleni, akachapwa nyumbani, na mara moja akachapwa na mtu tu aliyekuwa akipita. Ingekuwa fimbo inaponya, leo angekuwa imamu.

Nimemtaja, basi nimalize. Alinitangulia kuzaliwa. Alianza na shada, yaani bangi, kidato cha pili, akaendelea na vidonge vya bugizi, akafika kwenye kete za heroini. Mwalimu mkuu alimwita baba, akawasimamisha wote wawili mbele ya gwaride, akasema aliyosema, halafu akampa mwanafunzi wiki mbili za kukaa nyumbani. Mtoto alikuwa akiiba nusu saa ya kujificha nyuma ya ukuta. Sasa amepewa siku 14 nzima, na karatasi yenye mhuri. Aliporudi darasani alikuwa anazijua maskani zote za wavutaji za Majengo, mtaa wetu wa Mombasa, kwa majina.

Nyumbani hatukuwa na neno la kuliita jambo lile. Mama alisema ni majini. Shangazi akasema amefanyiwa, na aliyemfanyia akamtaja. Tukamsomea, tukamnywesha kombe, tukamfukizia ubani mpaka paka akahama. Baba alinyamaza. Watu walipozidi kuuliza, akatangaza kwamba mwanawe amepata kazi Arabuni. Kaka yangu akakaa "Maskati" mwaka na zaidi, huku usiku akilala kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mitaa mitatu kutoka kwetu. Watu walimwona kila siku. Walimpita pale asubuhi, na jioni barazani wakamuuliza baba: "Na yule wa Maskati, hajambo?" Baba anajibu: "Salama, anawasalimu."

Mtu wa Minnesota huwezi kumfahamisha adabu hiyo hata ukimchorea. Mtaa mzima, bila kukutana, ulikubaliana kumsitiri mzee mmoja. Nikiikumbuka naona fahari, na kabla sijaimaliza fahari naona hasira. Kaka alifariki 2003, ana miaka 24. Matangani tulisema presha.

Kwa hivyo wiki hii nimejiuliza sana kwa nini fundi bomba alisimama na baba yangu hakusimama. Mtu atasema wao ni majasiri na sisi waoga. Silikubali hilo. Baba alikuwa baharia wa majahazi, uoga hakuujua. Nadhani tofauti ni bei. Fundi bomba akisema, anapoteza nini? Jioni moja ya kutokwa machozi mbele za watu. Binti yake hataachwa na mchumba kwa sababu ya kaka mtu. Mtoto hafukuzwi kwa maneno ya baba yake kikaoni. Polisi alikuwa mle mle ndani na hakutoa daftari. Jimbo hili lina sheria tangu 2014: ukipiga simu kumwombea msaada aliyezidisha dawa, hushtakiwi kwa hicho kidogo kilichokutwa mfukoni mwako. Tangu 2023 kila shule inatakiwa kuweka dozi 2 za dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidiwa na fentanili na jamaa zake. Tulifundishwa kuipuliza, kwa zamu, kwenye kichwa cha plastiki kisicho na mwili. Mtoto akianguka chooni, wenzake wanakimbilia ofisini. Kwetu wangekimbia tu, tena siwalaumu, maana anayebaki na mgonjwa ndiye anayelala kituoni.

Sasa baba yangu angesema nini, na amwambie nani? Akisema shuleni, mtoto anafukuzwa. Akisema polisi, atatoa kitu kidogo mpaka auze kitanda. Akisema msikitini, sisi wasichana wa nyumba ile tungekaa ndani bila mposaji mpaka tuote mvi. Alipiga hesabu yake akanyamaza, na kwa vitu alivyokuwa navyo mkononi hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo maana nachoka na mabango ya semina yanayowaambia wazazi wa Pwani "vunjeni ukimya". Nani atalipa? Sheria za kubandika ukutani tunazo. Tangu 2010 tuna ile ya pombe, ya Mututho: baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Nendeni mkapime kwa hatua kutoka lango la shule yenu. Mei 2024 gavana wa Mombasa akapiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta nao wakafuata, na wino haujakauka mahakama ya Embu ikasimamisha.

Lakini msidhani nimeleweshwa na sifa za huku. Nikitoka kwenye kikao nilisimama kituo cha mafuta kununua maziwa. Ndani ya friji, jirani na soda, yamepangwa makopo ya kinywaji chenye bangi, rangi za peremende, ladha ya embe. Halali tangu Julai 2022, kwa mwenye miaka 21. Mwaka uliofuata wakaihalalisha na bangi yenyewe. Wanatuita usiku tulie pamoja juu ya watoto, na mchana wanaipanga mahali jicho la mtoto linapofika. Nilitamani nimvute yule polisi kwa mkono nimwonyeshe, nikaona atanijibu kwa upole kwamba kila kitu kina leseni.

Na jirani yangu. Huyu ni mtu mwema sana. Theluji ikianguka hunisafishia njia kabla sijaamka. Mwezi uliopita nilipata kwenye koti la mwanangu kitu nilichodhani ni kalamu ya rangi ya kupigia mistari. Kinanukia embe. Ilinichukua siku mbili na maswali mengi kwenye intaneti kujua ni vepu, sigara ya umeme, na kwamba ndani yake kunaweza kuwa na nikotini au kunaweza kuwa na bangi, na kwa kuinusa tu huwezi kujua.

Ndiyo, mwanangu. Ana miaka 15, darasa la kumi, yaani kidato cha pili kwa hesabu yetu. Mnaelewa sasa kwa nini sikuacha kula biskuti.

Nilipomuuliza jirani kama amewahi kuona lolote, akasema bila wasiwasi: nimekuwa nikiwaona wavulana nyuma ya gereji tangu Septemba. Tangu Septemba! Na sisi tuko Februari. Mbona hukuniambia? Hakutaka kuingilia mambo ya watu, akasema, na usoni alionekana anatarajia nimshukuru. Ndivyo walivyo. Wa kwake atamtaja mbele ya watu 40. Wako hatakutajia hata mkiwa mnagusana kuta. Kwetu ni kinyume kabisa. Nilipokuwa msichana Majengo, ukishika sigara kona ya msikiti, habari inafika nyumbani kabla yako, na mwenye duka ameshakuvuta sikio njiani bila kuomba ruhusa ya mtu. Macho ya mtaa yote yalikuwa juu yako. Najua mtanijibu kwamba mtaa huo haupo tena, kwamba mwenye duka wa leo ndiye anayewauzia. Labda. Lakini naapa, mmoja wao angeniambia kabla ya Oktoba.

Pembeni yangu kikaoni alikaa mama wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Kiswahili chake cha Nairobi kimetulia. Tulipopewa vijiboksi vya dawa ya puani aliniinamia. "Wangu nilimrudisha," akaninong'oneza. Wana jina la jambo hilo, dhaqan celis: mtoto anarejeshwa nyumbani arudiwe na mila zake. Miaka miwili Nairobi, shule ya bweni. Nikamuuliza, akapona? Akacheka cheko la mtu aliyechoka. "Alirudi anajua kutafuna."

Nilikuwa nimeshaangalia bei ya tikiti. Dada yangu mkubwa angempokea kwa mikono miwili, na majirani wangeambiwa amekuja kusoma dini. Nikajiona nikiipanga sentensi hiyo kichwani, na nikatambua nimeisikia wapi. Ilikuwa Maskati ya baba.

Kikaoni sikusimama. Fundi bomba alinitazama mara moja, labda kwa bahati tu, nikainama kutafuta kitu kwenye mkoba. Alhamisi nikatoka kazini mapema, nikaenda kwa mshauri wa shule, nikamweleza kwamba nina rafiki, mwanamke wa kwetu, ambaye mwanawe amepatikana na kitu fulani. Yule mama mtu mzima alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, mwambie rafiki yako aje na kijana Jumatatu saa mbili asubuhi, hakuna atakayemfukuza, na kama rafiki yako anaona haya waingie kwa mlango wa nyuma.

Rafiki yangu ataingia kwa mlango wa nyuma. Hata hapa jina langu sikuliweka, mmeshaona.

Leo Jumapili dada amepiga simu kutoka Mombasa, kama kawaida yake. Tumezungumza bei ya unga, goti la mama, harusi ya mwezi ujao. Mwishoni akaniuliza kijana anaendeleaje na masomo.

"Salama," nikamwambia. "Anawasalimu."