Kero za Chumba cha Leba, Huku Uingereza na Kule Nyumbani

Ndugu zangu walioko Tanzania wakisikia kwamba mtoto wangu wa pili nilimzalia Uingereza, baada ya kumzaa wa kwanza katika hospitali ya umma huko nyumbani, huchukulia kwamba mara hii nilijifungua kwa raha. Hawako mbali na ukweli, ila hawajaufikia. Uchungu haupungui kwa kuvuka bahari, na kila hospitali ina namna yake ya kumuudhi mwanamke anayesubiri njia ifunguke. Ninachotaka kusema ni kwamba kero za huku na za kule si za aina moja, na kwamba zile za nyumbani zilizoniumiza zaidi hazikuletwa na umaskini, ingawa tumezoea kuusingizia umaskini kila jambo.

Kabla sijaendelea, nisieleweke kwamba namshawishi mtu yeyote azalie nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa 2015-16 ulikuwa umekadiria 556. Na katika kipindi hicho hicho wanawake wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Hospitali inaokoa. Lakini kwa kuwa sasa wengi wetu tunakwenda huko, ni halali kuuliza tunapokelewaje tukifika.

Nyumbani kero huanza hata kabla ya uchungu. Sera inasema huduma ya uzazi ni bure, na mhudumu wa kliniki huitamka vizuri tu, kisha anakupa orodha ya vitu vya kwenda navyo: glovu, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika kitandani, beseni, ndoo, sabuni na doti kadhaa za kanga. Mwenye uwezo anavinunua mapema na kuvifungasha. Asiye na uwezo anafika na nusu ya vitu, anapokelewa kwa maneno, na mumewe anatumwa usiku kutafuta duka la dawa lililo wazi. Hili ni suala la fedha na silifichi. Bajeti ikiongezwa, litapungua. Kadhalika kulala wazazi wawili kitanda kimoja baada ya kujifungua, kila mmoja na kichanga chake, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule: hapo panahitajika majengo na vitanda, na Serikali haiwezi kuvileta kwa siku moja.

Yaliyobaki ndiyo yananiuma. Nilipimwa njia na mtu ambaye hakunisalimu wala hakuniambia anachotaka kufanya. Alipomaliza alimgeukia mwenzake akamwambia, "Huyu bado, nne," yaani njia imefunguka sentimita nne tu, kana kwamba sikuwepo. Wanafunzi walikuwa wamekizunguka kitanda, na pazia, ambalo lilikuwepo, halikuvutwa. Nilipotaka kusimama ili mgongo upoe niliamriwa nilale chali. Mama yangu mzazi, ambaye amezaa watoto wengi kuliko wakunga wote wa zamu ile wakijumlishwa, hakuruhusiwa kuingia, akawa nje chini ya mwembe na chupa ya uji wa pilipili manga, akipata habari zangu kwa mfanya usafi. Kisha kuna yale maneno ambayo kila mwanamke aliyezalia hospitali zetu ameyasikia, kama si kwa masikio yake basi kupitia kitanda cha jirani: "Mbona wakati wa kuitafuta hukupiga kelele?" Naijua hali ya mkunga anayebaki peke yake usiku na wodi nzima ya wanawake wenye uchungu, wengine wakianza kusukuma kwa wakati mmoja, na huenda kama ningekuwa katika nafasi yake na mimi ulimi ungekuwa mkali. Hata hivyo, kumsalimu mtu, kumwambia "mama, sasa nataka kukupima" na kuvuta pazia hakuhitaji fungu la bajeti.

Majirani zetu wamekwisha kulifikisha jambo hili mbele ya hakimu. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Kenya huko Bungoma iliamua kwamba haki za mama mmoja zilivunjwa pale alipojifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi, na ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba kofi la chumba cha leba ni sehemu ya tiba.

Jambo lililonishangaza nilipofika Uingereza ni kugundua kwamba sehemu kubwa ya amri hizi tunazozidhani kuwa za kwetu zilitoka huku. Wanawake wa Kiingereza wa umri wa mama yangu wananisimulia mambo ninayoyafahamu: kunyolewa nywele za siri, kupigwa enema (kusafishwa tumbo kwa maji yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa), kulazwa chali, na mume kubakizwa korido mpaka aitwe kuambiwa ni wa kike au wa kiume. Huku, waume walianza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1970, na mengine yakaachwa kidogo kidogo kadiri ilivyothibitika kwamba hayana faida. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985, katika mkutano wa Fortaleza nchini Brazil, kwamba hakuna sababu ya kumnyoa mwanamke wala kumpiga enema kabla ya kujifungua. Na mwongozo wake wa 2018 unapendekeza mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, atembee akitaka, na asiye na hatari maalumu aruhusiwe kula na kunywa. Bibi zetu walizaa wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, wameshikiliwa na wanawake wa ukoo. Wakoloni wakaleta hospitali pamoja na amri zake. Wao wamekwisha kuzifuta, na sisi tumebaki tukizilinda kwa ukali kuliko waliozitunga.

Sasa niseme ya huku, maana hayapungui. La kwanza ni mashine. Tumboni nilifungwa mikanda miwili, mmoja wa kusikiliza moyo wa mtoto na mwingine wa kupima kukaza kwa tumbo, na kila nilipogeuka mikanda ikateleza, mashine ikapiga kelele, mkunga akaja kuirekebisha huku macho yake yakiwa kwenye karatasi badala ya usoni kwangu. Mkono mmoja una kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dripu, mwingine una kile kitambaa cha presha kinachojikaza chenyewe. Umeruhusiwa kutembea, lakini nyaya zote hizo zinakurudisha kitandani, kwa hiyo matokeo hayatofautiani sana na ile amri ya kulala chali, ila hapa hakuna wa kumlaumu. Gesi ya kuvuta, ambayo ni nusu oksijeni na nusu naitrasi oksaidi, inapunguza makali kidogo na kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na kinywa kikavu. Nguo ya hospitali iko wazi mgongoni. Niliivua nikajifunga kanga yangu, na wakunga wakaisifu rangi.

La pili ni maswali. Huku hakuna anayekugusa bila kukuomba ruhusa, na hilo nalishukuru kwa dhati, hasa nikikumbuka nilikotoka. Lakini kuna wakati ruhusa inaombwa katikati ya uchungu mkali, ikifuatana na maelezo ya faida, madhara na asilimia, kisha mtu anasubiri kwa upole umwambie umeamua nini. Sindano ya mgongoni ya kuzuia maumivu au hapana? Dripu ya kuongeza uchungu sasa, au tusubiri saa nyingine mbili? Chupa tuipasue? Mimi nimelelewa kwamba mwanamke akiwa katika hali hiyo wapo wakubwa wanaomwamulia, nami nilitamani mtu mzima mmoja aniambie tu la kufanya. Mume wangu, masikini, aliyepewa kiti na heshima zote za msindikizaji, kila alipoulizwa alinitazama mimi. Nilimtaka mama. Viza yake haikutoka.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Nyumbani nilikaripiwa kwa kulia. Huku nilikaribia kurudishwa nyumbani kwa kunyamaza. Kwa mwongozo wa Uingereza, uchungu huhesabiwa kuwa umeshika kweli njia ikifikia sentimita nne na maumivu yakiwa yanakuja kwa mpangilio, na aliye chini ya hapo mara nyingi huambiwa arudi kwake akaoge maji ya moto. Nilipofika mapokezi niliulizwa maumivu yangu ni ngapi kati ya kumi. Katika malezi yetu mwanamke anayepiga ukelele anawaaibisha waliomlea, kwa hiyo nilikuwa nimeuma meno na nimetulia, na nikajibu saba, maana kumi nilikuwa nimeiwekea kifo. Aliyenipokea alitazama uso wangu uliotulia, akaandika, akaniambia bado nina muda mrefu. Mume wangu ndiye aliyesisitiza nipimwe, na nilipopimwa hakuna aliyezungumzia tena habari ya kurudi nyumbani. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki ninaofahamiana nao huku wana kisa cha namna hii. Ningekuwa na sababu ya kukicheka kama nisingejua kwamba ripoti za uchunguzi wa vifo vya uzazi nchini Uingereza, kila zinapotoka, zinaonyesha wanawake weusi wakifa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wanawake weupe, katika nchi ambayo wastani wake ni kama vifo 13 tu kwa kila wazazi 100,000. Sababu ni nyingi, yakiwemo magonjwa ya moyo na hali ya maisha, na sidai kwamba zote ni kutoaminiwa. Lakini ushauri ninaompa kila mdogo wangu anayezalia huku ni kwamba adabu aiache mlangoni, na swali la kati ya kumi likija ajibu kwa sauti.

Baada ya kuzaa, chai na mkate wa kuoka vinaletwa, na kwa kweli sijawahi kula mkate mtamu kama ule. Kisha inafuata kero ambayo nyumbani haijulikani, nayo ni upweke. Kama hakuna tatizo unaweza kuruhusiwa siku hiyo hiyo. Mshono bado mbichi, maziwa hayajatoka, na mume anahangaika na kiti cha mtoto kwenye gari. Ni kweli kwamba mkunga wa serikali anakuja mpaka nyumbani katika siku za mwanzo kumpima mtoto uzito na kukutazama wewe, huduma ambayo natamani ndugu zangu wangeipata. Lakini akishaondoka, mlango unafungwa. Kwetu ningekuwa na arobaini yangu: mtori au supu ya kuku, tumbo limefungwa, na shangazi wa kunikanda kwa maji ya moto yasiyovumilika huku akinikataza maji baridi, upepo na nusu ya vyakula ninavyovipenda. Nilipokuwa na mtoto wa kwanza nilimnung'unikia shangazi kila asubuhi. Kwa huyu wa pili, nilikuwa nikipika mwenyewe huku nikimnyonyesha, kabla hata wiki ya kwanza haijaisha.

Wanaoniuliza kama inafaa kuja kujifungulia huku nawajibu kwa hesabu. Mwenye viza ya muda mrefu hulipa mapema ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Mgeni wa muda mfupi ambaye hana msamaha hutozwa asilimia 150 ya gharama, na mtoto hapati uraia kwa kuzaliwa tu kwenye ardhi ya Uingereza. Safari hiyo haina faida.

Kilicho na faida ni kuondoa katazo la msindikizaji katika hospitali zetu, na wala si ndoto. Mkoani Kigoma, kuanzia 2016 hadi 2018, shirika la Thamini Uhai lilijaribu mpango wa kumruhusu mzazi aingie leba na mwanamke aliyemchagua, wa kumsugua mgongo, kumpa kinywaji, kumsaidia kutembea na kumwita mkunga mambo yakibadilika. Wazazi waliohudumiwa hivyo walieleza kuridhika zaidi. Pingamizi ninalolisikia kila mara ni kwamba wodi zetu ni za wazi, na mwanamume hawezi kuingizwa mahali wanawake wengine wamejifunua. Ni pingamizi la haki, na mimi binafsi nisingetaka mume wa jirani apite mbele yangu katika hali ile. Lakini linawahusu wanaume. Halimhusu mama yangu, wala dada wala shangazi, ambao hawahitaji chumba cha peke yao wala kiti cha kuegemea, na ambao kwa vyovyote vile wako pale getini tangu usiku, wamebeba uji.