Kutumwa Kulinifundisha Kazi

Kazi yangu ni kuandika maneno ya matangazo na kampeni, na kwa miaka kadhaa sasa naifanya ughaibuni. Wenzangu wa hapa wanaponitambulisha kwa mteja husema kwamba nazungumza lugha tatu, kana kwamba ni vifaa vya ziada nilivyokuja navyo mkobani. Naona faida wameitafuta mahali pasipo penyewe. Nilipokuwa mtoto nilikuwa wa kutumwa: bibi alinipa ujumbe kwa lugha ya nyumbani, nami niliufikisha kwa jirani kwa Kiswahili, na barua ya shule ilipoletwa kwa Kiingereza ni mimi niliyewasomea wakubwa. Nikajua mapema kwamba maneno ya bibi kuhusu deni yakifika na ukali wake wote yatazua ugomvi, na yakilainishwa mno deni halitalipwa.

Huku ughaibuni, Kiswahili huitwa mwishoni. Kampeni moja ya afya ililetwa kwangu ikiwa imekwisha: picha zimechaguliwa, nafasi ya maneno imepimwa, na kaulimbiu ya Kiingereza inamwamuru msomaji aende akapime. Kwa Kiswahili ningeweza kuandika "Kapime afya", ila nani anamwambia nani? Kijana hamwagizi hivyo mtu wa makamo. Niliandika "Tukapime afya", na mbunifu wa picha akashangaa kwa nini nadai nafasi zaidi kwa ajili ya silabi moja, ilhali silabi hiyo ndiyo iliyomwondoa msemaji juu ya jukwaa na kumketisha pamoja na msomaji. (Bango jingine lililopita bila mimi liliwaalika watu kwenye mkutano wa saa 8 usiku, likimaanisha saa 2.)

Nisije nikaonekana nawasifu wa nyumbani bure. Huku angalau kazi ya maneno hulipwa na kupewa muda, na rasimu ya tatu haichukuliwi kuwa ishara ya uzembe. Nyumbani nilikaa katika vikao ambamo watu wote walikijua Kiswahili, tangazo lenyewe lilikuwa la redio ya Kiswahili, lakini tulilijadili na kuliandika kwa Kiingereza kwanza, kisha tukalitafsiri, tukapata sentensi ambazo hakuna hata mmoja wetu angezitamka wakati wa chai. Kutojua kwa wageni nakuvumilia kuliko dharau hiyo ya wenyewe.

Hata hivyo umbali una gharama yake, kwa kuwa sikio lisilosikia lugha kila siku huanza kuandika kama msomaji wa taarifa ya habari. Ndiyo maana kila rasimu humtumia kwanza mdogo wangu aliyebaki nyumbani, naye hunijibu kwa sauti. Jibu lake la juzi lilikuwa fupi: "Kaka, hapa anayeongea ni nani?"