Dawati la jinsia chuoni linamhudumia nani?

Novemba 2018 Rais John Magufuli alifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua maktaba mpya. Mhadhiri wa chuo hicho, Dk. Vicensia Shule, akaandika kwenye Twitter kwamba alitamani kumpokea Rais kwa bango, maana rushwa ya ngono chuoni hapo imekithiri. Habari ikaenea nchi nzima, na aliyeandika akaitwa mbele ya kamati ya chuo kujieleza.

Jambo moja katika kisa hicho limenikaa rohoni mpaka leo. Mtu mwenye shahada ya uzamivu, ajira na jina, aliona njia ya kulifikisha jambo lile ni kuziruka ofisi zote za chuo na kumwambia Rais hadharani. Binti wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kasulu au Newala, ambaye hata jengo la utawala hajui liko upande gani, yeye angeanzia wapi?

Mwaka 2020 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilitoa utafiti wake uliofanywa katika vyuo vikuu viwili, Dar es Salaam na Dodoma, ikathibitisha kwamba tatizo lipo. Kisha wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii na jinsia ikavitaka vyuo vianzishe madawati ya jinsia, yaani ofisi za kupokea malalamiko ya ukatili wa kijinsia, mfano wa yale ya Jeshi la Polisi ambayo sasa yamepita 400 nchini. Vyuo vingi vimeitikia. Ofisi zimezinduliwa, riboni zimekatwa, vibao vimebandikwa milangoni. Mjadala uliobaki, na ambao naona tunauogopa, ni kama malalamiko ya namna hii yanapaswa kushughulikiwa na chuo chenyewe au yatoke nje ya geti kabisa.

Wanaotetea dawati la ndani wana hoja nzito, na anayezibeza nadhani hajawahi kukaa na mwanafunzi aliyeshikwa pabaya. Tazama alama zinavyopatikana. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba asilimia 40 na mtihani wa mwisho asilimia 60. Mtihani wa mwisho una ulinzi wake: namba badala ya majina, na watahini kutoka nje. Zile 40 ziko mkononi mwa mhadhiri mmoja. Utafiti wa mwisho wa shahada ndio mbaya zaidi, kwa kuwa msimamizi ni mmoja na ofisi ni moja. Sura ya pili inaweza kurudishwa mara sita kwa sababu asizoulizwa na mtu. Mwanafunzi anayeambiwa alete rasimu yake kwenye baa ya hoteli Jumamosi jioni hana alama ya kidole wala kovu la kumwonyesha polisi. Ana simu iliyopigwa na moyo unaodunda. Atafungua jalada la nini?

Dawati la chuo linaweza kufanya kile ambacho polisi hawezi. Linaweza kumbadilishia msimamizi kesho asubuhi. Linaweza kuomba karatasi isahihishwe upya na mtu mwingine, mtihani usogezwe, chumba kibadilishwe hosteli, mtuhumiwa asikanyage jengo fulani mpaka suala liishe. Haya hayahitaji hakimu, na mara nyingi ndiyo hasa mwanafunzi anayoyataka. Wengi wao hawaombi mtu afungwe. Wanaomba wamalize shahada bila kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, na bila kumwona mtu yule kila Jumanne saa nne.

Upo pia ukaribu. Kuingia kituo cha polisi, kupita kaunta iliyojaa watuhumiwa wa bodaboda na ugomvi wa baa, kisha kuulizia dawati la jinsia kwa sauti inayosikika benchi nzima, si jambo dogo kwa mtu wa miaka 20. Chuoni angalau anaweza kujifanya anafuatilia fomu ya mkopo.

Upande wa pili nao una hoja, na kwangu mimi ni hoja za historia. Februari 1990, hapohapo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi mmoja wa kike alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na kundi la wanafunzi wa kiume lililojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, lililokuwa likibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwaaibisha wenzao. Mambo yale yalifanyika mchana kweupe. Walimu waliyaona, wasimamizi wa mabweni waliyaona, na wengi waliyahesabu kuwa utani wa chuo. Waliolibeba suala lile kwa nguvu walitoka nje ya utawala wa chuo, wakiwamo wanahabari wanawake wa TAMWA, chama kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kianzishwe 1987. Anayesema chuo hakiwezi kujichunguza chenyewe ana ushahidi wa kuanzia hapo.

Tatizo lenyewe ni la muundo. Anayeketi kwenye dawati la chuo kwa kawaida ni mhadhiri au afisa aliyeongezewa jukumu hilo juu ya kazi yake. Anafundisha na mtuhumiwa idara moja, pengine wamechangiana harusi, pengine mtuhumiwa ndiye mkuu wake anayesaini likizo yake na kupendekeza apandishwe cheo. Ripoti yake inapanda kwa watu ambao kazi yao, pamoja na nyingine, ni kulinda jina la chuo wakati wa udahili. Hata akiwa mtu mwadilifu kuliko wote, mwanafunzi anayemtazama kutoka upande wa pili wa meza anayaona hayo yote. Na chuo ni kijiji. Aliyeonekana akitoka mlango ule saa tano, saa saba kundi la WhatsApp la darasa limeshajua.

Kuna hoja ya tatu, ambayo watetezi wa usawa wa kijinsia huwa tunaipita haraka, nami nimewahi kuipita: haki ya anayetuhumiwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mhadhiri aliyesimamishwa kwa neno la korido, bila kuonyeshwa tuhuma kwa maandishi, ameonewa, hata kama baadaye itabainika alitenda. Na uamuzi wa namna hiyo ukifika mbele ya jaji unafutwa kwa kasoro ya utaratibu, halafu mtu anarudi darasani akiwa na barua ya mahakama mfukoni, mbele ya binti yuleyule.

Mahakama zetu zimeshapita njia hii na zina la kutufundisha. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu inayonukuliwa hadi leo, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Sheria ya Ushahidi nayo inaruhusu mtu atiwe hatiani kwa maneno ya manusura peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Lakini mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikakumbusha kwamba haikukusudiwa neno la mlalamikaji lichukuliwe kama Injili. Lazima lipimwe ukweli wake. Watu hupenda kuchukua nusu moja ya mafundisho haya na kuiacha nyingine. Mimi nazisoma pamoja: mwamini kiasi cha kumhudumia mara moja, kisha pima kwa uangalifu kabla ya kumwadhibu mtu. Kuhudumia na kuadhibu ni kazi mbili. Madawati mengi yanakwama kwa sababu yamepewa zote mbili kwenye meza moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni hospitali. Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kinga dhidi ya VVU, zile zinazojulikana kama PEP, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Akianza, atazimeza siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina nafasi ya saa 120 hivi, nazo ni bora zaidi zikiwahiwa. Vielelezo vya mwilini vinapotea kwa kuoga tu. Hakuna hata kimoja hapa kinachohitaji kwanza kujulikana nani mkosaji. Hata hivyo, kwa mazoea yaliyoota mizizi, watu wetu wanaamini, na baadhi ya wahudumu wa afya wanaamini, kwamba bila fomu ya PF3 kutoka polisi huwezi kuguswa. Ile fomu ni ya kubeba ushahidi kwenda mahakamani, lakini imegeuka tiketi ya kupata dawa.

Zanzibar walilielewa hili mapema kwa vituo vya Mkono kwa Mkono, kikiwamo cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi, mnasihi na mtu wa ustawi wa jamii wanakuwa chini ya paa moja. Bara tunavyo pia, Amana ya Ilala ikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Rwanda walianza 2009 katika Hospitali ya Kacyiru, Kigali, wakakiita kituo Isange, neno la Kinyarwanda la kumkaribisha mtu ajisikie yuko kwao. Na Bukavu, mashariki mwa Kongo, Hospitali ya Panzi ya Dk. Denis Mukwege, iliyoanza 1999 katikati ya vita, iliongeza jambo ambalo wengine husahau: baada ya tiba, unasihi na wakili, mwanamke anasaidiwa kujipatia riziki, kwa kuwa akirudi kijijini mikono mitupu atarudi chini ya mamlaka ya waliomuumiza au waliomfukuza.

Navitaja hivi kwa sababu mjadala wa ndani au nje unavyoendeshwa kwetu unamsahau mwanafunzi anayeishi mtaani. Vitanda vya hosteli havitoshi, kwa hiyo maelfu wamepanga mageto Sinza, Changanyikeni, Mabibo. Anayevamiwa njiani saa tatu usiku akitoka kujisomea, mkosaji wake si mhadhiri wala mwanafunzi. Je, dawati la chuo lina habari naye? Na dada wa mama lishe anayewapikia wanafunzi haohao, akitendewa vilevile kwenye uchochoro uleule, aende dawati gani? Dawati linaloishia getini linagawa watu wa mtaa mmoja mafungu mawili. Hapa wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wangeweza kuwa daraja, maana wanakaa mtaani na wanajua ni mjumbe gani hukaza kesi na yupi huziita familia mbili zimalizane nyumbani kwa mbuzi na faini.

Kuhusu wavulana niseme kwa ufupi tu, ingawa wanastahili makala yao: sheria yetu ya ubakaji inamtambua mwanamke na msichana pekee kama mtendewa, na kijana wa kiume aliyeingiliwa kwa nguvu anajikuta chini ya kifungu kinachozungumzia makosa kinyume cha maumbile. Kijana atafungua mdomo mbele ya nani?

Mwaka 2024 mjadala huu ulipata sura ya hatari. Kulikuwa na pendekezo la kurekebisha kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa, ambacho kama kilivyotungwa 2007 kinamwadhibu mwenye mamlaka anayedai ngono kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, faini isiyozidi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Pendekezo lilitaka anayetoa ngono kwa mwenye mamlaka naye awe mkosaji. Waliolitetea walisema wapo wanafunzi wanaojipeleka wenyewe kutafuta alama, na haki haina budi kukata pande zote. Siwezi kuapa kwamba hao hawapo. Lakini fikiria maana yake kwa dawati: yule aliyekubali mara moja kwa hofu ya kudisko, kisha akapata ujasiri wa kusema, angekuwa anakuja kukiri kosa lake la jinai. Wanaharakati walilipinga vikali, nami nilikuwa upande wao. Sheria ya namna hiyo ingefunga midomo kwa ufanisi kuliko vitisho vya mhadhiri yeyote.

Msimamo wangu, baada ya kuyapima haya, ni kwamba dawati libaki chuoni, ila lipunguziwe kazi moja na kuongezewa nguvu mahali pengine. Lisichunguze wala kuhukumu. Tuhuma dhidi ya mwajiriwa zichunguzwe na watu wasiokula mshahara wa chuo hicho, kwa muda uliowekwa, mtuhumiwa akipewa tuhuma zake kwa maandishi, na matokeo yapelekwe Baraza la Chuo moja kwa moja. Dawati lenyewe limhudumie manusura. Natumia neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa mhanga ni wa kutolewa kafara, na manusura ni aliyepona na bado ana maneno. Lipewe mamlaka ya kubadilisha msimamizi, chumba na tarehe ya mtihani bila kuomba kibali kwa mkuu wa idara inayohusika. Liwe na makubaliano ya maandishi na hospitali iliyo jirani kwamba mtu wao akifika anapewa dawa kwanza na fomu inafuata. Na mwenye dawati asiwe mhadhiri wa chuo hicho.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba hayo ni ghali. Basi tupige hesabu ndogo ya kile tulichonacho. Ofisi za umma hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na mengi ya madawati yanafuata ratiba hiyo. Binti akitendewa Ijumaa saa nne usiku, mpaka mlango wa dawati ufunguliwe Jumatatu zimepita saa 57 na nusu. Katika zile 72 za dawa zimebaki 14 na nusu, na bado hajaulizwa jina. Simu moja inayopokelewa usiku, mlinzi wa geti aliyefundishwa aipigie nani, na nauli ya bajaji mpaka hospitali: hivyo ndivyo ningetaka kuviona kwenye bajeti ya mwaka ujao kabla ya kibao kingine kubandikwa.