Presha ya nani?

Mtaani bado tunasema presha ni ugonjwa wa wenye nazo: kitambi, nyama choma, gari mpaka mlangoni. Na wasemao hivyo wana pa kushikia. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi, ambacho mara nyingi huletwa na presha, katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na mjini Dar es Salaam. Tofauti za umri zikishasawazishwa, Hai ilipata kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar ilipata 316.

Mjini kuna pesa, basi pesa ndiyo inayopoozesha watu? Taratibu. Dar si Masaki ya matajiri peke yake. Yumo pia mama ntilie anayewasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri, na kijana wa bodaboda anayeshindia chipsi zenye chumvi tele.

Halafu kuna utafiti wa PURE, uliofuatilia watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17. Matokeo yake ya mwaka 2014 yanawavuruga wote, wanaosema ni ugonjwa wa matajiri na wanaosema ni wa maskini: watu wa nchi tajiri ndio waliokuwa na vihatarishi vingi zaidi, yaani mambo yanayomsogeza mtu karibu na maradhi ya moyo, lakini walioongoza kwa mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vyake walikuwa wa nchi maskini. Yaani tajiri anaweza kuwa na presha na asianguke, kwa sababu ilipimwa mapema na vidonge anavyo.

Madaktari watanijibu kwamba hata wenye kadi ya bima huacha dawa wakijisikia vizuri. Kweli, nami ninao wa aina hiyo kwenye ukoo. Jeni na umri navyo havichagui mfuko. Ila presha haiumi, na hapo ndipo umaskini unapouma. Anayeishi kwa kibarua huenda hospitali akiumwa, si akiwa mzima. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, lakini kadi hiyo hailipi nauli, wala haifidii siku iliyoishia kwenye foleni.

Ndiyo maana kampeni za "punguza chumvi, fanya mazoezi" hunikalia vibaya. Mbeba zege anafanya mazoezi tangu asubuhi. Anachokosa ni mtu wa kumfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, palepale saiti, kabla hajashika karai.