Dizeli ya Makambako na dizeli ya Minnesota

"Kaka, shikamoo. Hivi wewe uliyeko huko kwa wenye magari yao, nichukue pikapu ya petroli au nibaki kwenye dizeli?"

Mdogo wangu alinitumia sauti hiyo saa kumi na moja alfajiri, Makambako. Kwangu, St. Cloud, Minnesota, ilikuwa saa mbili usiku wa jana yake, ndiyo kwanza natoka kazini. Nikamjibu kwa sauti ya dakika saba. Najua hakuisikiliza yote, maana dakika mbili baadaye akaandika: "Sawa kaka, ila ipi?" Basi naandika hapa, asome taratibu, na wengine wanaoniuliza swali hilohilo wasome pia.

Sisi wa Njombe tumekua tukijua kwamba ukisema pikapu, dizeli imo ndani ya neno lenyewe. Petroli ni ya teksi na ya gari la mwalimu mkuu. Gari la kazi lazima liungurume asubuhi kama kokoto kwenye debe, litoe wingu la moshi, kisha libebe viazi vya lumbesa mpaka springi zinyooke. Nilipanda ndege na imani hiyo. Mwaka wangu wa nne Marekani, nilipopata vijisenti vya kununua pikapu, sikujiuliza hata mara moja. Nikaenda kwa muuza magari, nikauliza: dizeli ziko upande gani?

Nikapewa lidude. Jina lake sitalitaja, kosa halikuwa lake. Ni yale mapikapu wanayoyaita ya robo tatu tani, ambayo kwa kweli yanabeba zaidi ya tani moja na kuvuta trela la farasi bila kukohoa. Ukiyanunua mapya, injini ya dizeli peke yake inakuongezea kama dola 10,000 juu ya bei ya petroli. Langu lilikuwa limetumika, lakini tofauti ile ilikuwa bado imo kwenye bei. Nililipa nikitabasamu. Nilijiona nimekuwa mtu.

Kazi yenyewe ya lidude hilo? Kwenda kazini maili nne, kurudi maili nne. Jumamosi dukani. Mara moja moja kumsaidia Mtanzania mwenzangu kuhamisha kochi.

Hapo ndipo lilipoanza kunifundisha adabu. Dizeli za kisasa zina chujio kwenye sailensa, linaitwa DPF, linalonasa masizi. Masizi yakijaa, gari linayachoma lenyewe, lakini ili yaungue sailensa inatakiwa ifike joto la karibu nyuzi 600. Ukiendesha barabara kuu nusu saa, kazi hiyo inafanyika hata hujui. Maili nne? Injini haijapata moto sawasawa, mimi nimeshafika na kuzima. Kila siku masizi yanaongezeka, hakuna siku yanaungua. Taa ya kwanza ikawaka, nikaipuuza kama tunavyopuuza taa za dashibodi nyumbani. Taa ya pili ikawaka pamoja na maandishi, na gari likakataa kukimbia. Fundi wa huku hakushika spana. Alichomeka kompyuta, akasoma, akaniambia nikalitembeze gari barabara kuu hadi lijichome, na lisipopona chujio jipya ni dola elfu kadhaa. Nimewahi kutembeza ng'ombe, kutembeza gari ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ijumaa mbili mfululizo nimekwenda hadi karibu na Minneapolis na kurudi, sina ninachofuata.

Halafu kuna DEF, ile ambayo madereva wa malori mapya huko nyumbani wanaiita AdBlue. Ni urea na maji safi, ina tanki lake pembeni, inapulizwa kwenye moshi ili kupunguza sumu. Ikiisha, kompyuta inaanza kukuhesabia maili, na ukiendelea kujifanya kiziwi inakushusha mpaka maili 5 kwa saa. Hiyo ni kilomita 8. Bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani anakupita.

Lakini kilichonimaliza ni baridi. Mtu wa Njombe akienda Dar anajigamba kuhusu baridi, anasimulia ukungu wa Juni na sakitu, ule umande ulioganda, kwenye majani ya chai. Minnesota haina habari na sakitu yetu. Mwanzoni mwa Desemba ilishuka hadi nyuzi 26 chini ya sifuri, ghafla, usiku mmoja. Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa kupita kiasi ile nta inajitenga na kuganda, kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai, na inaziba filta. Wenyeji wanajua: vituo vinaanza kuuza dizeli ya majira ya baridi, watu wanaongeza dawa kwenye tanki, na usiku wanachomeka waya wa umeme unaopasha injini. Mimi nilikuwa nimejaza tanki la galoni 32, kama lita 121, mwishoni mwa Oktoba hali ya hewa ikiwa bado ya kistaarabu, na kwa safari zangu za maili nne nusu yake ilikuwa bado imo. Soketi hakuna, nakaa ghorofa. Liliwaka kwa shida, likaenda kama maili moja, likaanza kukohoa, likazima katikati ya makutano ya barabara.

Brekidauni ililetwa na kijana wa Kisomali. Aliposikia nikizungumza na simu akacheka, akaniuliza kwa Kiswahili cha Nairobi, "Wewe ni wa Tanzania, ama?" Kumbe alikulia Eastleigh. Wasomali wamejaa Minnesota, na wengi waliopitia Kenya wanaongea Kiswahili kuliko baadhi ya watoto wetu waliozaliwa huku. Akafunga mnyororo, akalizunguka gari langu polepole akitazama bodi la nyuma. Safi, halina hata mkwaruzo. Mle ndani kulikuwa na begi la chakula changu tu.

"Sasa boss," akasema, "hii ng'ombe yote ni ya kubeba chakula ya mchana?"

Sikuwa na jibu. Nililiuza mwezi wa tatu, nikachukua pikapu ya petroli, ndogo zaidi. Inawaka kwa baridi yoyote, oili yake ni lita sita na ushee badala ya lita 11 au 12, na petroli huku kwa kawaida ni nafuu kuliko dizeli. (Wao petroli wanaiita "gesi". Mwezi wangu wa kwanza niliposikia kila mtu anajaza gesi nilidhani nchi nzima inatembelea mitungi, kama bajaji za Dar.)

Kwa hiyo jibu ni petroli? Ngoja kwanza.

Pikapu ya mdogo wangu ni Hilux yenye injini ya 5L. Wanaoijua wanaijua: 5L ni jina tu, yenyewe ni lita tatu, silinda nne, haina tabo, haina kompyuta, pampu ya mafuta ni chuma kinachozungushwa na injini yenyewe. Mwaka juzi nikiwa likizo tulikuwa tunatoka Lupembe na magunia ya viazi, mvua imenyesha, mafuta yakakata njiani. Kijana wa bodaboda akatuletea dizeli kwenye dumu. Dizeli ikikata, hewa inaingia kwenye mipira, na ukijaza tu gari haliwaki. Mdogo wangu hakupiga simu popote. Alifungua boneti, akapampu kwa mkono kile kidude cha juu ya filta mpaka kikawa kigumu, akalegeza nati za nozeli moja moja kwa spana huku mimi nikipiga stata, povu likatoka, kisha mafuta matupu, akakaza, likawaka. Dakika kumi na tano. Mikono yake ikanuka dizeli mpaka tunakula usiku, na mama akamsema.

Hilo lidude langu la Minnesota usingelifanyia hivyo. Mafuta yake yanasukumwa kwa presha inayoweza kupita bar 2,000, na ukilegeza nati injini ikizunguka, mafuta yanaweza kupenya ngozi ukapoteza kidole.

Ndiyo maana nasema tunadanganywa na jina. Dizeli tunayoisifia Makambako na dizeli inayouzwa leo ni mashine mbili tofauti zilizopewa jina moja. Sifa zote tulizorithi, kwamba ni ngumu, haichagui mafuta, fundi yeyote anaiweza, ni sifa za injini za zamani za Toyota: 2L, 3L, 5L na ile 1HZ ya Land Cruiser mkonga. Ile mpya ina nguvu zaidi na inakula kidogo, sikatai. Ila inachagua mafuta kama mtoto wa mwisho anavyochagua chakula. Tone la maji au uchafu wa dumu, injekta zimekwenda, na moja tu bei yake inakufanya ukae chini. Afrika Mashariki tulipunguza salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, lakini Marekani wako kwenye 15, na mitambo ya kisasa imetengenezwa kwa mafuta ya namna hiyo. Na sisi ndio tulioipa lugha neno kuchakachua, zile enzi watu wanachanganya dizeli na mafuta ya taa kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Ile 5L ilikunywa uchakachuaji wote ule, ikatoa moshi, ikaendelea na safari.

Sasa, kama wewe uko Dar, unasambaza maji na soda kutoka Tandika hadi Mbagala, unazima na kuwasha mara arobaini kwa siku, dizeli mpya itakufanyia yaleyale iliyonifanyia mimi, tena bila barabara kuu ya kwenda kuitembeza. Chukua kirikuu, kile kipikapu kidogo, ya petroli. Ukichoka na bei za mafuta zinazotangazwa na EWURA, wadhibiti wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, unaifunga mtungi wa gesi, jambo ambalo kwenye dizeli si la kukurupukia. Hata vijijini siku hizi petroli inapatikana kirahisi, bodaboda zimeileta kwenye chupa za soda mpaka mlangoni.

Na wale wenzangu wa huku mnaoota kusafirisha pikapu la Kimarekani la V8 liende nyumbani likapigwe picha: usukani uko kushoto. Jaribu kulipita lori pale mlima Kitonga ukiwa umekaa upande wa korongo, huoni kinachokuja. Wamarekani wenyewe wengi hawabebi kitu. Jirani yangu ana pikapu refu kuliko sebule yangu, na mzigo mzito niliowahi kuuona humo ni mti wa Krismasi. Hilux wao hawauziwi, na sababu mojawapo ni kuku. Mwaka 1964 waligombana na Ulaya kuhusu ushuru wa kuku, wakalipiza kwa kuweka asilimia 25 kwenye pikapu zinazotoka nje, na ushuru huo ulibaki. Kila nikiwaeleza Wamarekani habari hii wanadhani natania.

Basi mdogo wangu nilimwambia hivi: ile dabo kebini ya dizeli mpya uliyoonyeshwa, yenye DPF na injekta za umeme, iache, hata kama rangi yake inakutoa machozi. Ukitaka kubadilisha kweli, tafuta Hilux ya petroli ya lita 2.7, itakunywa zaidi mlimani lakini fundi wa hapo ataielewa. Au baki na 5L yako, uifungue, uitengeneze upya.

Jana kanijibu. Picha ya kwanza: nozeli nne juu ya gunia, pembeni kikombe cha chai cha fundi. Picha ya pili: karatasi yenye orodha ya vipuri, imejumlishwa chini na kupigiwa mistari miwili. Halafu sauti ya sekunde sita.

"Kaka, nimefuata ushauri wako. Fundi anasema ukituma Ijumaa, Jumatatu linatoka."