Kikosi cha wanawake peke yao Antaktika: kinatatua nini, kinaacha nini

Hoja ya kupeleka vikosi vya wanawake peke yao Antaktika hufufuka kila inapotoka ripoti mpya ya unyanyasaji kwenye vituo vya utafiti. Upande mmoja husema wapewe kambi yao wafanye kazi kwa amani. Wa pili hujibu kwamba huko ni kumhamisha aliyeumizwa na kumwacha aliyeumiza. Kuna jambo pande zote mbili husahau: kikosi cha kwanza cha Marekani cha aina hiyo hakikutokana na madai ya wanawake. Kilikuwa sharti la wale wale waliokuwa wakiwazuia.

Hadi mwaka 1969, Jeshi la Majini la Marekani, ambalo ndilo lililokuwa na ndege na meli za kufikia huko, lilikataa kuwabeba wanasayansi wanawake. Kisingizio kilichorudiwa zaidi kilikuwa vyoo. Lois Jones wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alikuwa akichunguza kemia ya maziwa na miamba ya Mabonde Makavu, eneo la Antaktika lisilofunikwa na barafu, kwa sampuli zilizochukuliwa na wanaume. Alipokubaliwa hatimaye, ilikuwa kwa masharti kwamba kikosi chake kiwe cha wanawake tu. Wanne walipiga mahema Bonde la Wright, mojawapo ya mabonde hayo, wakavunja miamba na kuibeba wenyewe. Tarehe 11 Novemba 1969 yeye na wenzake, pamoja na wanawake wengine wawili, jumla sita, walipelekwa Ncha ya Kusini. Waliteremka mlango wa nyuma wa ndege wameshikana mikono, ili asiwepo wa kudai kuwa wa kwanza.

Kwa hiyo kikosi cha namna hii kimekuwa mlango na ukuta kwa wakati mmoja. Kama mlango, kilifaa sana. Wajerumani walipowaachia wanawake tisa kituo chao cha utafiti cha Neumayer mwaka 1990, wakiongozwa na daktari Monika Puskeppeleit, kazi zote za majira ya baridi ziliwaangukia wao, kuanzia injini za umeme hadi jikoni. Kituo chenyewe kilikuwa mabomba ya chuma yaliyofukiwa chini ya theluji. Faida ya hapo si ya kuonyesha watu tu. Kwenye kikosi mchanganyiko, jenereta ikigoma huitwa mwanamume bila hata kufikiri, na mwanamke anamaliza msimu hajagusa spana. Asipokuwepo wa kuitwa, kila mtu hujifunza. Hoja hii huwa haipewi uzito unaostahili na wapinzani.

Upande wa pili nao una lao. Mwaka 2016 meli ilipeleka wanasayansi wanawake 76 kwa mafunzo ya uongozi chini ya mpango wa Homeward Bound wa Australia. Safari ya wiki tatu hivi melini inajenga mtandao wa watu, sawa. Lakini haimfundishi mtu kuendesha kambi, na washiriki walilazimika kuchangia gharama. Baada yake wanarudi kwenye vituo vile vile vyenye wakubwa wale wale.

Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Uchunguzi ulioagizwa na Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani ulitolewa mwaka 2022: asilimia 59 ya wanawake waliohojiwa walisema wamewahi kunyanyaswa au kushambuliwa kingono wakiwa Antaktika. Mazingira huufanya unyanyasaji kuwa mgumu kukimbia. Kituo cha Ncha ya Kusini hufungwa kwa ndege kuanzia katikati ya Februari hadi karibu Novemba, hivyo anayelalamika huendelea kula ukumbi mmoja na mtuhumiwa kwa miezi minane. Kwenye kambi ndogo za watu wanne ni hivyo hivyo, na mara nyingi msimamizi wa tasnifu ndiye mkuu wa kambi. Kuna profesa wa jiolojia aliyewanyanyasa wanafunzi wake Mabonde Makavu mwishoni mwa miaka ya 1990. Malalamiko rasmi yalifika chuoni mwaka 2016, baada ya mmoja wao kupata ajira ya kudumu. Barafuto (mto wa barafu) iliyokuwa na jina la profesa huyo sasa inaitwa Matataua. Kambi ya wanawake peke yao isingebadilisha nani anasaini tasnifu.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, inaletwa na mambo mawili yasiyopigiwa picha. La kwanza ni njia ya kulalamika isiyopitia kwa mkuu wa kambi wala kwa mwajiri mwenye uamuzi wa mkataba ujao, pamoja na simu ya setilaiti ambayo mtafiti mdogo anaweza kuishika bila kuomba ruhusa.

La pili ni mkojo. (Ndiyo, vyoo tena, ila safari hii kwa uzito.) Mabonde Makavu hakimwagwi kitu: mkojo hutiwa kwenye chupa, kisha pipa, kisha helikopta. Aliyefungwa kamba juu ya nyufa za barafu hawezi kuifungua kamba hiyo akajificha nyuma ya jiwe. Ovaroli ina mikanda ya mabegani, juu yake kuna mkanda wa kamba, na vidole vikiwa wazi hufa ganzi kwa dakika chache. Matokeo yake wanawake wengi hupunguza kunywa maji asubuhi. Mwili ukikauka huhisi baridi zaidi, kichwa huuma, maambukizi ya njia ya mkojo hufuata.

Tiba ni rahisi: faneli ya silikoni ya kukojolea mtu akiwa amesimama, iliyofanyiwa mazoezi nyumbani bafuni, ovaroli yenye zipu ya nyuma, chupa ya lita moja yenye mdomo mpana iliyofungwa utepe wa kuitofautisha na ile ya kunywea, na hema dogo la faragha. Hedhi nayo ipangwe: taulo zilizotumika hurudi kwenye mifuko iliyozibwa, na kikombe cha hedhi kinahitaji maji, yaani theluji iliyoyeyushwa kwa mafuta ya jiko. Kwa hiyo mafuta hayo yaingie kwenye hesabu ya kambi tangu mwanzo, na faneli iandikwe kwenye orodha ya vifaa vya kugawiwa, mstari mmoja na shoka la barafu.