Tuwaache Watoto Wadaiwe

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliposimamia siku ya huduma kwa jamii katika skuli moja hapa Pemba, nililipeleka darasa la tano zima kwa bibi mmoja anayeishi peke yake jirani na skuli. Tulikwenda na mchele, sabuni na bango. Bango ndilo lililotugharimu zaidi.

Tulipotaka kupiga picha ya kukabidhi, bibi aliomba subira aingie ndani abadilishe kanga. Ile aliyovaa, alisema, ni ya jikoni. Tukamsubiri juani huku watoto wakinung'unika. Mpaka leo sijui kwa nini sikuona haya palepale. Tumemvamia mtu mzima nyumbani kwake bila taarifa, na bado yeye ndiye anayejipamba ili sisi tupendeze.

Wiki ile nikawapa insha. Mwanafunzi mmoja, hodari kwelikweli wa lugha, aliandika kwamba amejifunza kumshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama bibi yule. Nikampa alama 18 kwa 20.

Insha ile imenikera kwa muda mrefu, na si kosa la mtoto. Ndicho tulichomfundisha. Tulimpeleka akatazame shida ya mwenzake kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani, kisha tukaiita nafuu yake shukrani.

Wakubwa wetu hawakuwa na siku ya huduma. Walikuwa na kukandika. Nyumba ya udongo ikisimamishwa miti, watu wanaitana, huyu anakanyaga udongo, yule anateka maji, watoto wanabeba madonge, mwenye nyumba anapika. Mwezi ujao ni zamu ya nyumba nyingine. Hakuna aliyeitwa msaidiwa, maana kila aliyeshika udongo alijua kesho atauhitaji mkono wa mwenzake. Sasa tunajenga kwa matofali na fundi analipwa, sawa, silalamiki. Lakini deni lile la kudaiana limepotea pamoja na udongo.

Hata pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ina adabu kuliko bango langu. Anayefikisha miaka 70 anastahili, haulizwi kama ni maskini. Bibi yetu anaipokea. Watoto walishangaa kusikia sehemu ya fedha hiyo inanunua madaftari ya mjukuu wake. Walidhani yeye ni wa kupokea tu!

Mwaka uliofuata sikuchapisha bango. Nilikwenda peke yangu kwanza, nikapiga hodi, nikamuuliza bibi kama watoto waje. Akasema waje, lakini wasije kama jeshi. Basi wakawa wanakwenda watanowatano kila Jumamosi, wanamjazia madumu maji ya mfereji yakitoka, wanafagia uwanja, wanarudi. Jumamosi ya tatu bibi akawakalisha. Akawatolea ukindu, akawaonesha kuuchana, kisha kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Wavulana walicheka kwanza, kazi ya wanawake hiyo. Akawacheka na wao, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vigumu kama mwiko.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtoto aliyekwenda kutoa alijikuta hajui kitu, na anayejua ni bibi ambaye yeye alikwenda kumhurumia.

Mwalimu mwenzangu ananiambia bila picha wazazi hawachangi. Huenda kweli. Kwa maji na ufagio, hata hivyo, sikuhitaji mchango wa mtu. Wapo pia wazazi wanaosema Jumamosi ni ya masomo ya ziada, mtihani unakaribia. Hao nawaelewa zaidi, na mtoto wao simlazimishi. Ninachokataa ni kumpeleka mtoto mara moja kwa mwaka, kwa saa mbili, halafu kumwambia amejifunza huruma. Ni kama ile mikoko tuliyowahi kuipanda kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, tukashangiliana, tusirudi kuiangalia. Ilikufa yote.

Yule wa alama 18 sasa yuko darasa la sita. Alhamisi alinijia mezani kuomba ruhusa ya kutoka mapema kidogo. Nikamuuliza kuna nini. Akasema bibi ameukagua ukili wake, umelegea, na amemwambia aende akaufumue wote kabla hajaushona kwenye mkeka.